Sahani ya fedha yenye nembo mbili: nani aliifuta ya kwanza, na kwa nini?

Mwana wa Pangani

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi katika nyumba ya mnada, katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, na kazi yangu ni kuosha, kupima na kufungasha vyombo vya fedha vya zamani kabla havijapigwa picha. Wiki hii tumeletewa sahani kumi na mbili za kulia chakula, za fedha tupu, ambazo ukingo wake umesokotwa kama kamba. Kwa nyuma, kila moja imegongwa chapa nne: simba anayetembea, kichwa cha chui mwenye taji, herufi ya mwaka ambayo wakubwa wangu wameisoma kuwa ya 1742, na herufi za jina la fundi. Zote kumi na mbili ni za fundi mmoja na za mwaka mmoja. Pembeni mwa chapa mtu amekwaruza kwa ncha kali nambari ya sahani, halafu tarakimu mbili. Hii niliyo nayo mkononi imeandikwa Na. 7, kisha 18 na 6.

Kinachonishughulisha kipo upande wa mbele. Kwenye ukingo imenakshiwa nembo ya ukoo, yaani ngao yenye taji juu yake. Lakini nikiielekeza sahani kwenye mwanga wa dirisha na kuiinamisha kidogo, ninaona chini ya nembo hiyo kivuli cha nakshi nyingine iliyosuguliwa mpaka ikafutika. Nikipitisha kidole nyuma ya ukingo mahali hapo, ninahisi kwamba bati ni jembamba kuliko kwingineko. Ni nani hufuta nembo ya watu kwenye sahani yao, na kwa sababu gani? Ningependa kusikia kutoka kwa wanaojua historia au ufundi wenyewe.

Mwalimu wa Kibaha

Karibu jukwaani, ndugu. Jibu la kawaida ni kwamba sahani iliuzwa. Nembo ya ukoo kwa makabaila wa Ulaya si pambo, ni tamko la umiliki, na mtu aliyenunua sahani zenye nembo ya mwingine asingeziweka mbele ya wageni wake hivyo hivyo, kwa sababu kila aliyeketi mezani alijua kusoma ngao kama sisi tunavyosoma majina. Kwa hiyo alimpelekea fundi, nembo ya zamani ikakwanguliwa, mahali pake pakasuguliwa, na ya mnunuzi ikachorwa juu yake. Hata hivyo, tahadhari moja: usiende kwenye vitabu vya majina ya koo na kutafuta jina linalofanana. Kwa Waingereza nembo hutolewa kwa mtu na uzao wake. Watu wawili wenye jina moja huenda wasihusiane hata kidogo, na ofisi inayosimamia mambo hayo London imekuwapo tangu 1484.

Kisiwandui

Mimi naona jambo zito zaidi ya kuuza. Ametuambia kwamba chui ana taji. Taji ni la mfalme. Kwa hiyo sahani hizo zilitoka katika nyumba ya kifalme, zikaibwa, na mwizi akafuta nembo ili zisitambulike. Mtu aliyenunua kwa haki hana haja ya kuficha alama.

Sonara wa Tatu

Assalaam alaykum. Babu alikuwa sonara, baba alikuwa sonara, nami bado ninakaa kwenye tanuru, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua kwa mkono.

Kwanza, ndugu wa Pangani, hizo si fedha tupu. Fedha tupu ni laini mno, na ungeikatia nyama juu yake kwa mwezi mmoja tu ukingo wake ungepinda. Simba anayetembea ni shahada kwamba katika kila sehemu 1000 za bati hilo, 925 ni fedha na zilizobaki ni madini mengine, kwa kawaida shaba.

Pili, Kisiwandui, taji la yule chui halihusiani na mwenye sahani. Kichwa cha chui ni chapa ya ukaguzi ya London, kilianza kugongwa kwa amri ya 1300, na kwa karne kadhaa kilivalishwa taji mpaka 1821 kilipovuliwa. Kijiko cha muuza mkate wa London cha mwaka huohuo kingekuwa na chui huyohuyo mwenye taji lilelile.

Tatu, zile tarakimu 18 na 6 ni uzani. Mafundi na watunza vyombo walikuwa wakikwaruza uzani nyuma ya chombo, wakia kwanza, kisha sehemu za ishirini za wakia. Maana yake ni kwamba siku ilipoandikwa, sahani hiyo ilikuwa na wakia 18 na sehemu 6. Ipime leo utuambie. Chombo kilichofutwa nembo hupungua, na mizani haitaficha.

Ughaibuni Lyon

Naomba niongeze mlango mwingine. Hapa Ufaransa jibu la swali hili lina tarehe kabisa: tarehe 19 Juni 1790 Bunge la Mapinduzi lilifuta ukabaila wa kurithi, vyeo vyake, sare za watumishi na nembo za koo. Ikawa kuwa na ngao yako kwenye lango, kwenye gari la farasi au kwenye sahani ni jambo la hatari. Watu walipiga chokaa juu ya ngao za mawe, na waliokuwa na vyombo vya fedha walivifuta wenyewe au kuvizika. Kwa hiyo aliyefuta nembo anaweza kuwa mwenye chombo mwenyewe, akiwa hai na akiwa na hofu.

Kisiwandui

Ndugu wa Lyon, sahani ni ya London na wewe umeipeleka Paris bila pasipoti. Mapinduzi hayo yaliwapata vipi Waingereza?

Ughaibuni Lyon

Ni kweli, sahani hii haikufikwa na Mapinduzi. Lakini nilitaja Ufaransa kwa sababu kuna jambo ambalo limenisumbua kwa miaka. Ukienda kwenye minada utaona vyombo vya Kiingereza vya miaka ya 1700 vimejaa meza, ilhali vya Kifaransa vya wakati huohuo ni vya kuhesabu, na bei yake inatisha. Lakini wakati ule Paris ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha wafua fedha wa Ulaya nzima. Je, vilikwenda wapi? Mapinduzi peke yake yanatosha kueleza?

Mhasibu Mstaafu

Hayatoshi. Uharibifu ulianza miaka mia moja kabla ya Mapinduzi, na walioufanya ni wafalme wenyewe pamoja na makabaila wao.

Louis wa Kumi na Nne alikuwa na samani za fedha katika Ukumbi wa Vioo wa Versailles: meza, vinara, mitungi ya michungwa, vitu vizito vilivyobuniwa chini ya uangalizi wa Charles Le Brun, mchoraji wake mkuu. Vita vilipomlemea, mwaka 1709 aliamuru vyote viyeyushwe vikawe sarafu, takriban tani 20, na makabaila wakafuata mfano wake.

Wala tusishangae. Lugha yetu ina neno moja tu, fedha, kwa madini na kwa pesa, na Kifaransa nacho kina neno moja kwa vyote viwili. Sahani ya kabaila ilikuwa akaunti ya benki inayoliwa juu yake chakula. Ikija shida, akaunti inafungwa.

Mwalimu wa Kibaha

Nakubaliana nawe, Mzee wangu, ila tarehe imeteleza. Samani za Versailles ziliyeyushwa kuanzia Desemba 1689, na kilichopatikana kilikuwa pungufu sana ya kilichotarajiwa, kwa sababu gharama kubwa ya samani zile ilikuwa ufundi, na ufundi hauyeyuki kuwa sarafu. Mwaka 1709 ulikuwa mzunguko wa pili, baada ya majira ya baridi yaliyoua mazao Ufaransa nzima. Hapo ndipo makabaila walipopeleka sahani zao kwa mfalme na kuhamia kwenye vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi, kiasi kwamba viwanda vya vyombo hivyo vikapata wateja ambao havikuwahi kuwaota. Mzunguko wa tatu ulikuja 1759, wakati wa Vita vya Miaka Saba.

Lakini utii wao usikuzwe kupita kiasi. Dyuki wa Saint-Simon ameandika waziwazi kwamba alipojiona karibu amebaki peke yake katika hadhi yake anayekula kwenye fedha, alipeleka sehemu na kuifungia iliyobaki.

Mhasibu Mstaafu

Asante kwa sahihisho. 1689 ndiyo kwanza, 1709 ndiyo pili. Hoja yangu juu ya akaunti inabaki.

Binti wa Malindi, Unguja

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtaalamu, lakini maneno ya Mzee Mhasibu yamenikumbusha bibi yangu aliyezaa mama. Alikuwa na jozi ya vikuku vya fedha vizito, vyenye vifundo kama mbegu za ubuyu, na alikuwa akituambia kwamba vilifuliwa kwa reale kumi na mbili za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, ambazo baba yake alimpa sonara mbele ya macho yake, zikahesabiwa moja moja, zikatiwa kwenye kikalibu. Reale moja ilibakizwa kwa ukumbusho, ya mwaka 1780, na sasa anayo mama.

Mwaka aliougua babu, vikuku vilipelekwa kuuzwa. Nilikuwa na miaka minane na nilimfuata bibi. Yule mnunuzi hakuvitazama hata mara moja kama vikuku. Aliviweka kwenye mizani, akataja bei, na bibi alipokuwa bado anahesabu noti, kimoja kilikuwa kimeshakatwa vipande viwili kwa mkasi. Bibi hakusema neno, lakini mpaka leo naikumbuka sauti ya ule mkasi. Kwa hiyo nikisoma kwamba kabaila wa Ufaransa alipeleka sahani zake zikayeyushwe, ninamwelewa, na pia sidhani kwamba kwake ilikuwa akaunti tu.

Mkaazi wa Maskati

Pole, dada. Huku Oman nako hirizi, vikuku na vipini vya majambia vingi vya zamani vilifuliwa kwa reale hizohizo. Sahihisho dogo tu, lisikuvunje moyo: reale kuandikwa 1780 hakumaanishi kwamba iligongwa 1780. Huo ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, na baada ya hapo sarafu hiyo iliendelea kugongwa kwa tarehe ileile kwa zaidi ya miaka 150, Vienna na katika miji mingine, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu walikataa sura nyingine yoyote. Ina gramu 28 na kitu, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000.

Hapo nina swali kwa Sonara. Wakia ya Unguja ilikuwa ni uzito wa reale moja. Je, hizo wakia 18 za sahani ni wakia zetu?

Sonara wa Tatu

Swali zuri. Si zetu. Wakia yao ya masonara ni gramu 31.1, ni nzito kuliko reale. Kwa hiyo sahani Na. 7 ilianza na takriban gramu 569. Tunangoja mizani ya Pangani.

Mlamu

Ninasoma tangu asubuhi na ninaona hesabu inataka kula uzi wote. Kama vyombo hivyo vilikuwa akaunti tu, mbona hawakuweka mikuo ya fedha kwenye sanduku, wakaacha kumlipa fundi miezi ya kazi? Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa ndani una zidaka, safu kwa safu, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Nyingi hazikuliwa chakula hata siku moja. Ziliwekwa ili mgeni akiingia ajue ameingia nyumba gani. Makabaila wa Ulaya nao walikuwa na kabati la ngazi ambalo siku ya karamu lilipangwa vyombo vya fedha mpaka juu, vingine vikiwa vikubwa mno hata visingeweza kutumika. Kwa maoni yangu nembo hufutwa kwa sababu ya heshima: kidaka ni changu, kwa hiyo jina lililomo liwe langu.

Na tusisahau mtindo. Kabaila mwenye sahani za babu yake zilizopitwa na wakati alizipeleka kwa mfua fedha, zikapimwa, thamani ya madini ikakatwa kwenye bei ya sahani mpya. Hakukuwa na vita wala njaa, ila mke mpya na macho mapya. Ninaamini mtindo umeyeyusha vyombo vingi kama vita vilivyoyeyusha.

Ughaibuni Lyon

Mlamu amesema jambo, na ushahidi wake ni huu: vyombo vingi bora vya Paris vilivyookoka ni vile vilivyoagizwa na wageni. Baada ya tetemeko la Lisbon la 1755, mfalme wa Ureno aliagiza vyombo vipya kwa François-Thomas Germain, mfua fedha wa Paris, na sehemu kubwa ya vilivyobaki iko Lisbon hadi leo. Catherine wa Pili wa Urusi aliagiza kwa akina Roettiers wa Paris, kuanzia 1770, seti ya vipande zaidi ya 3000, akampa mpenzi wake Grigory Orlov. Orlov alipofariki 1783, seti ikarudishwa serikalini. Baadaye Wasovieti waliuza sehemu yake, ikatawanyika katika makumbusho ya dunia. Evelyn Pierrepont, dyuki wa Kingston, Mwingereza, aliagiza Paris mabakuli mawili makubwa ya supu yaliyobuniwa na Meissonnier, na moja liko Cleveland, Marekani. Kilichotoka Ufaransa kilipona, na kilichobaki nyumbani kilikwenda tanuruni.

Mhasibu Mstaafu

Na mafundi wenyewe walitoka. Mwaka 1685 Louis alipofuta amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti, wafua fedha wengi walikimbilia London. Paul de Lamerie, anayehesabiwa kuwa mkubwa wao, alizaliwa Uholanzi 1688 na wazazi wakimbizi. Ila tusidhani kwamba Waingereza walihifadhi kila kitu. Mwaka 1642 na 1643, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vyuo vya Oxford vilimkabidhi mfalme Charles wa Kwanza vyombo vyao vya fedha vikagongwa kuwa sarafu palepale mjini. Tafuteni vyombo vya Kiingereza vya kabla ya 1640, mtaona ni adimu vilevile.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru nyote. Nimeipima Na. 7 mara tatu: gramu 548. Kwa hesabu ya Sonara, zimepotea gramu 21.

Nembo inayoonekana sasa iko hivi. Ngao ni pana juu na imechongoka chini kama jembe la mkono, pande zake zimezungukwa na shada la majani na utepe uliofungwa kwa fundo. Juu yake kuna taji lenye vijiti virefu vitano, kila kimoja na kitufe kichwani, na kati ya vijiti kuna majani madogo. Katikati ya sahani kuna mikwaruzo mingi ya visu, inapishana kila upande, kwa hiyo Mlamu, hizi hazikukaa kwenye kidaka. Watu walikula.

Mwalimu wa Kibaha

Maelezo mazuri sana, kijana wangu. Vitufe vitano juu ya vijiti virefu ni taji la erli, cheo cha tatu kati ya vitano vya makabaila wa Uingereza. Kwa ukamilifu ni vitufe vinane, lakini mchoro huonyesha upande wa mbele tu. Angekuwa baroni ungeona vitufe vinne, visivyo na majani. Dyuki hana vitufe kabisa, ana majani ya stroberi.

Sasa angalia ile ngao ya jembe na shada la utepe. Huo si mtindo wa 1742. Wakati huo wanakshi wa London walizungushia ngao makombe ya baharini na majani yaliyopinda, upande mmoja usifanane na mwingine. Shada na utepe ni mtindo wa miaka ya 1780 na 1790. Kwa hiyo nembo ya erli iliwekwa sahani zikiwa na umri wa kama nusu karne, na hesabu hiyo inaendana na kuuzwa au kurithiwa.

Kisiwandui

Inaendana pia na kuibwa. Nimekubali kwamba chui si wa mfalme, lakini vyombo vya wafalme wao navyo vilikuwa na nembo, na vingi viko mikononi mwa watu binafsi. Vilitokaje?

Sonara wa Tatu

Vilitoka kwa mlango wa mbele. Balozi wa Kiingereza alipotumwa nje, hazina ya vyombo ya mfalme ilimpa vyombo vya fedha vyenye nembo ya kifalme ili aweke meza inayostahili, na wengi waliporejea walibaki navyo. Kuna hata mihuri. Mfalme akifa, muhuri wake uliharibiwa na fedha yake kupewa ofisa aliyeushika. Robert Walpole, aliyekuwa waziri wa hazina, alipata muhuri wa hazina wa George wa Kwanza namna hiyo, akamkabidhi Lamerie, ukawa sinia la 1728 ambalo liko makumbusho ya London na juu yake imenakshiwa michoro ya muhuri wenyewe. Kwa hiyo nembo ya mfalme kwenye chombo haitoshi kumwita mwenyewe mwizi.

Hata hivyo, Kisiwandui hajakosea kabisa. Wezi walikuwapo, na kwa kawaida hawakufuta nembo. Waliyeyusha usiku uleule, kwa sababu nakshi nzuri humfunga mwizi.

Mkunga wa Saa, Nairobi

Nimenunua na kuuza vitu vya kale kwa muda mrefu, na ninawasihi msiwasahau wachuuzi. Katika karne ya 19, sahani yenye nembo ya erli iliuzika kwa bei nzuri kuliko yenye nembo ya mtu asiyejulikana, na kuna wachuuzi waliofuta ya zamani na kuchora ya kuvutia zaidi, hata kwa mtindo wa kizamani. Wengine walitenda kosa baya kuliko hilo: walikata chapa kutoka kwenye kijiko cha zamani na kuitia kwenye chombo kipya. Na baadhi ya mafundi wa miaka ya 1720 hadi 1758 walifanya hivyohivyo ili kukwepa kodi ya peni sita kwa kila wakia.

Kilichoniuma zaidi kilikuja katika maisha yangu mwenyewe. Januari 1980 bei ya fedha ilifika kama dola 50 kwa wakia, na vyombo vya miaka mia mbili vilivyopona vita na Mapinduzi vilikwenda tanuruni kwa magunia, kwa wiki chache tu. Trei niliyokuwa nimeitamani kwa miaka, yenye nakshi ya ndege wawili, iliyeyushwa na mwenyewe wiki moja kabla sijakamilisha pesa zake.

Binti wa Malindi, Unguja

Mkasi tena.

Sonara wa Tatu

Ndugu wa Pangani, fanya jambo moja. Osha mikono, ikaushe sahani vizuri, kisha ipulizie pumzi ya kinywa, karibu, kama unayetaka kufuta kioo cha miwani. Ukungu wa pumzi haukai sawa juu ya bati lililosuguliwa au kuunganishwa. Kabla haujakauka utakuwa na sekunde tatu au nne, na katika sekunde hizo mistari ya zamani hujitokeza. Mwombe mwenzako ashike taa kwa pembeni. Angalia pia mviringo wa chapa, ili tuondoe shaka ya Mkunga wa Saa kwamba zilipandikizwa.

Mwana wa Pangani

Nimefanya hivyo, na mikono ilinitetemeka. Kuzunguka chapa hakuna mshono wowote, ukungu ulikaa sawa. Mbele, kwenye nembo, mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya tatu ikatokea, nyuma ya ngao ya erli, kubwa kuliko ngao yenyewe. Si ngao. Ina pembe nne, imesimama kwa pembe moja, umbo la kashata. Kulia na kushoto kwake kuna mizunguko kama kombe la baharini. Nilijaribu kuona kilichochorwa ndani, ukungu ukakauka.

Mwalimu wa Kibaha

Umbo la kashata! Wakuu, hii inabadilisha mambo. Kwa desturi ya nembo za Kiingereza, ngao ni ya vita, kwa hiyo ni ya mwanamume. Mwanamke asiyeolewa, au mjane, nembo yake huwekwa ndani ya umbo hilo la kashata. Na makombe ya pembeni ni mtindo hasa wa miaka ya 1740. Mwenye sahani wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeagiza mwenyewe na kulipa mwenyewe.

Mhasibu Mstaafu

Basi ni urithi. Mjane amefariki, sahani zimekwenda kwa mwana au mpwa mwenye cheo cha erli, naye ameweka ngao yake.

Mlamu

Mbona mwana afute nembo ya mama yake? Mimi nisingefuta. Labda mwenyewe aliolewa. Msichana tajiri ameagiza sahani kabla ya ndoa, ameolewa, kashata haikumfaa tena.

Mwalimu wa Kibaha

Angeolewa mwaka 1745, nembo mpya ingekuwa ya mtindo wa 1745. Shada la utepe linasema miaka arobaini baadaye. Ila inawezekana nembo ya ndoa ilikuwapo katikati na ikafutwa nayo. Gramu 21 ni nyingi kwa mfuto mmoja.

Sonara wa Tatu

Ni nyingi, kweli, ingawa watumishi waling'arisha sahani hizo kwa unga mwekundu na kidole gumba kila wiki, na kung'arisha nako hula. Hatuwezi kugawa gramu hizo kwa sahani moja. Pima nyingine.

Mwana wa Pangani

Nimepima zote kumi na mbili na kuzipulizia moja baada ya nyingine, ndiyo maana nimechelewa. Kashata iko kwenye tatu tu: Na. 2, Na. 7 na Na. 9. Hizo tatu zimepungua kati ya gramu 19 na 22. Tisa zilizobaki hazina kivuli chochote chini ya ngao ya erli, na upungufu wake ni mdogo. Kwa mfano Na. 11 imekwaruzwa 18 na 4, na leo ina gramu 561, yaani zimepotea gramu tano.

Mkunga wa Saa, Nairobi

Basi ni seti mbili zilizounganishwa na mchuuzi.

Kisiwandui

Au tisa zilibaki kwa yule mama na tatu ziliondoka nyumbani kwake bila idhini.

Mwalimu wa Kibaha

Lakini fundi ni mmoja na mwaka ni mmoja. Na kama tisa hazikuwa na nembo yoyote kwa nusu karne, zilikuwa za nani? Mfanyabiashara asiye na nembo? Au zilikuwa stoo ya fundi?

Sonara wa Tatu

Angalia nambari na uzani zilizokwaruzwa nyuma, tafadhali. Je, ni mwandiko wa mkono mmoja?

Mwana wa Pangani

Nimezipanga mezani, tatu upande huu, tisa upande ule. Tarakimu za uzani ni za mkono mmoja kwenye zote kumi na mbili: 8 yake haifungi juu, imeachwa wazi kama kulabu. Nambari za sahani ni za mkono mwingine, mzito zaidi, nao pia ni mmoja kwenye zote. Zinafungwa kesho saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo nitaipulizia tena Na. 2, kwa sababu humo ndani ya kashata niliona kama mguu wa ndege.